Programu ipi ya muziki? Historia fupi, na faili langu lisilofunguka

Juzi binamu yangu wa Bungoma alinipigia simu. Amenunua kipakatalishi cha mtumba chenye memori ya gigabaiti nne na anataka kuanza kurekodi muziki. "Kaka, niweke programu gani?" Kwa kawaida kila mtu hujibu kwa kutaja ile anayotumia mwenyewe. Mimi nilinyamaza kwanza, maana katika jambo hili nina deni kwake. Ngoja nieleze.

Mwaka 2018, nikiwa chuoni, nilimrekodi babu yetu akicheza litungu sebuleni kwake, nyimbo sita. Nilitumia nakala ya wizi ya programu moja maarufu (ndiyo, nakiri). Nikakata rekodi vipande vipande, nikazipanga, nikaongeza na ngoma. Babu alifariki 2020. Mwaka uliofuata kompyuta ilijisasisha, nakala ile ikagoma, na faili la mradi halijafunguka tena hadi leo. Rekodi zenyewe zipo: vipande 213 vya WAV, vyote vina majina ya namba tu. Kipande kipi kinafuata kipi? Hilo linajulikana ndani ya faili lile peke yake, na faili lile husomwa na programu ile peke yake.

Kwa hiyo binamu alipouliza, nilianza kuchimba historia ya programu hizi badala ya kulinganisha vitufe.

MIDI ilitoka 1983. Haibebi sauti, inabeba amri: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, sasa hivi. Mwaka 1985 kompyuta ya Atari ST ikaja na matundu ya MIDI tayari, na wanamuziki wengi wa Ulaya wakaikimbilia. Juu yake kampuni ya Steinberg ya Hamburg ikatoa Cubase, 1989. Wimbo ulichorwa kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, kila ala na mstari wake. Sauti ilitoka kwenye vinanda vya nje. Kompyuta ilikuwa kama kiongozi wa kwaya ambaye mwenyewe haimbi.

Kule California, Digidesign walianzia upande wa pili, kwenye sauti yenyewe. Pro Tools ya 1991 iliiga mashine ya tepu: traki nne, pamoja na vifaa vyake maalumu, kwa dola kama 6,000. Hapo bado hujanunua Mac.

Kilichofungua mlango ni VST, 1996. Steinberg walionyesha kwamba prosesa ya kawaida inaweza kufanya kazi ya mitambo ya studio, kisha wakawaachia waandishi wengine maelezo ya jinsi ya kutengeneza plagini zao. Sisi tunaoandika programu tunajua maana ya jambo hilo. Kiunganishi kikiwa wazi, watu usiowajua wanakufanyia kazi usiku na mchana.

Mwaka 1997 Didier Dambrin aliandika FruityLoops kwa kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Mwanzoni ilikuwa safu za visanduku tu, unawasha hiki unazima kile, kama mashine ya ngoma. Mtu asiyejua kinanda hata kidogo alipata biti kabla chai haijapoa. Mwaka 2003 ikaitwa FL Studio, na ukiinunua mara moja unapata matoleo mapya maisha yako yote. Siku hizi inarekodi sauti pia, lakini bado ni nyumba iliyojengwa juu ya visanduku, na babu hakuwahi kucheza ndani ya kisanduku. Mkono wake ulienda mbio pale hadithi ilipokolea. Ableton Live ya 2001 nitaipita tu. Ilizaliwa kwa ajili ya jukwaani, na binamu yangu jukwaa hana bado.

Kilichonikosesha usingizi ni habari za umiliki. Logic, ya kampuni ya Kijerumani Emagic, ilikuwa ikiendesha kazi za watu kwenye Mac na Windows. Julai 2002 Apple wakainunua Emagic, na mwaka huohuo toleo la Windows likasimamishwa. Mwenye PC, shauri lake. Cakewalk nayo, iliyoanza 1987, ilisimamishwa na Gibson Novemba 2017, wakati kuna wateja waliokwisha kulipia masasisho ya maisha. Maisha ya nani, sijui! BandLab waliinunua 2018 na kuigawa bure. Hao waliolipia walipona kwa bahati, wala si kwa mkataba.

Sasa, mnamkumbuka Winamp? Mwandishi wake, Justin Frankel, aliuza kampuni yake Nullsoft kwa AOL mwaka 1999, akaondoka huko 2004, kisha akaanza kuandika Reaper. Toleo la 1.0 lilitoka 2006. Kisakinishi chake cha Windows hakifiki megabaiti 30. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60, ambazo ni pesa, sikatai.

Lakini kilichonimaliza ni faili lake la mradi. Nililifungua kwa kihariri cha maandishi: ni maandishi matupu! Kipande hiki kinaanza sekunde hii, kina urefu huu, kimetoka kwenye faili la jina hili. Hata Reaper ikifa kesho, mtu mwenye subira anaweza kuusoma wimbo kwa macho.

Nilimwambia binamu aweke hiyo. Akauliza kama ina biti za tayari. Haina, na sura yake ni kavu kama fomu ya kodi, kwa hiyo biti atazitafuta kwingine. Akanung'unika, lakini ameiweka.

Mimi nami nimeanza kuzipanga upya nyimbo za babu humo, kwa sikio, bila ngoma safari hii. Nimefika kipande cha 61.