Reli ya Haramaini na Ile Iliyoitangulia

Tumeona vyema katika kijitabu hiki cha kumbukumbu kuwaeleza ndugu zetu habari za njia ya reli iliyounganisha Makka na Madina. Baadhi ya waliokwenda Hija au Umra miaka hii ya karibuni wameipanda, na wamerudi wakiisifu. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa safari hiyo ya saa mbili na dakika kadhaa ilikusudiwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kufunguliwa, na ya kuwa yaliyoichelewesha hayakuwa mambo ya ufundi peke yake.

Katika mwaka 1900 Sultani Abdulhamid wa Pili, Khalifa wa Dola ya Uthmaniya, alitangaza kwamba itajengwa reli kutoka Damascus, katika nchi ya Sham, mpaka Madina na kisha Makka. Wakati ule msafara wa ngamia kutoka Damascus hadi Madina ulichukua siku kama 40, na njiani palikuwa na kiu, maradhi na wanyang'anyi. Wako waliotoka makwao kwa nia njema wasirudi tena. Haki itupasa kusema pia ya kuwa Sultani hakuwa na nia ya mahujaji tu. Alitaka njia ya kupeleka askari wake upesi Bara Arabu, ambako amri yake ilikuwa imelegea.

Lililo kubwa katika habari hii ni fedha zake. Dola ilikuwa imezama katika madeni ya mabenki ya Ulaya, na reli nyingine za nchi zake zilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni. Hii ya Hijazi ikakusudiwa iwe mali ya Waislamu. Michango ikaitishwa kila upande, na magazeti ya Waislamu wa India yakaitangaza kwa bidii. Watoaji wakatunukiwa nishani. Ndani ya Dola yenyewe watumishi wa serikali walikatwa mishahara, zikauzwa stempu maalumu, na hata ngozi za wanyama waliochinjwa Idi zikakusanywa na kuuzwa kwa ajili ya reli. Basi mtu maskini aliyechinja mbuzi wake katika kijiji cha Anatolia alikuwa na sehemu yake katika chuma kile.

Mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Heinrich August Meissner, na kazi nzito ya kuchimba na kutandika ilifanywa zaidi na askari wa Dola. Ilipofika Al-Ula, wahandisi wasio Waislamu wakabaki nyuma, na wahandisi Waislamu wakaendelea mpaka mwisho. Garimoshi likaingia Madina mwaka 1908 (1326 Hijria), baada ya njia ya kilomita kama 1,300. Safari ya siku 40 ikawa ya siku tatu hivi.

Hapo ndipo ilipokoma. Sehemu ya kutoka Madina kwenda Makka, ambayo ilikuwa ndogo kuliko yote iliyokwisha kujengwa, haikujengwa. Makabila ya jangwani yaliishi kwa kukodisha ngamia na kwa fedha walizolipwa ili misafara ipite kwa salama. Wao waliliona garimoshi kuwa ni mnyang'anyi wa riziki zao, na katika mwaka ule ule wa 1908 watu wa kabila la Harb wakainuka kupigana karibu na Madina. Ni rahisi kwetu leo kuwalaumu. Lakini ni nani aliyewaambia watakula nini ngamia wao watakapokosa kazi? Sharifu Husein, aliyeshika uamiri wa Makka mwaka huo, naye hakuitaka reli imletee askari wa Kituruki mlangoni pake. Mwaka 1909 Sultani akauzuliwa, na mwaka 1914 vita vikaja.

Mwaka 1916 Sharifu akainuka juu ya Waturuki kwa msaada wa Waingereza, miongoni mwao T. E. Lawrence, na reli ikawa ndiyo shabaha. Madaraja yalilipuliwa, mataruma yakang'olewa, magari yakaangushwa. Fakhri Pasha akaishika Madina, imezingirwa, mpaka Januari 1919. Hivyo mali iliyokusanywa na Waislamu kwa miaka minane ikaharibiwa, na wengi wa mikono iliyoiharibu ilikuwa ya Waislamu pia. Kuwatupia lawama yote wageni si kusema kweli. Katika miaka ya 1960 palifanywa juhudi ya kuifufua, lakini vita vya mwaka 1967 vikaikatiza. Stesheni yake ya Madina ikageuzwa makumbusho.

Ile sehemu iliyobaki ikangoja mpaka Septemba 25, 2018 (1440 Hijria), Mfalme Salman alipoifungua Reli ya Haramaini. Abiria wakaanza kuipanda mwezi wa Oktoba. Ndiyo reli ya kwanza ya mwendo wa kasi katika Saudia. Urefu wake ni kilomita kama 450, hupitia Jeddah na Rabigh, na treni zake 35 za umeme, zilizoundwa Hispania, hufika mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Kila moja ina viti 417. Adui wake mkubwa ni mchanga, ambao upepo huumwaga juu ya reli usiku na mchana, na kwa hiyo zimejengwa kuta za kuuzuia na hutumwa mashine za kuuzoa. Moto nao uliiteketeza stesheni ya Jeddah mnamo Septemba 29, 2019, hata safari zikasimama mpaka Desemba. Hii haikujengwa kwa ngozi za Idi. Imejengwa kwa hazina ya serikali moja. Mahujaji wa dunia hulipa nauli, wala hawana usemi ndani yake kama waliokusudiwa kuwa nao katika ile ya kwanza. Sisi twaona ya kwanza ilikuwa na heshima zaidi, na ya pili ina salama zaidi, na mwenye mzazi mzee wa kumpeleka ataichagua ya pili.

Wazee wetu wa nchi hizi za maziwa walikuwa na safari yao nyingine kabla ya hiyo: kwanza kufika pwani. Reli ya Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914 iliwapunguzia miguu, kisha wakabaki na bahari mpaka Jeddah.

Kwa watakaosafiri mwaka huu, yako mambo mawili. Stesheni ya Makka iko mtaa wa Rusayfa, kilomita kadhaa kutoka Msikiti Mtukufu, hivyo wazee wasidhani watashukia mlangoni. Watahitaji basi au teksi. La pili, na ndilo kubwa, mwenye kutoka Madina kwa ajili ya Umra mikati yake ni Dhul-Hulayfa, na treni haisimami hapo. Avae ihramu kabisa kabla ya kupanda, wala asingoje kufika Jeddah, kwani atakuwa ameivuka mikati bila ya ihramu.