Kwa nini redio ya zamani ya gari hukataa CD iliyochomwa nyumbani

MMILIKI wa gari la zamani anapoingiza CD aliyoichoma nyumbani, nayo ikazunguka kwa sekunde chache kisha ikatolewa nje, hudhani kwamba redio imekufa. Wengi hukimbilia kwa fundi, au huing'oa na kununua nyingine. Mara nyingi redio huwa nzima, na kasoro huwa katika aina ya diski iliyotumika au namna ilivyochomwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako magari mengi yalitumika kwanza Japani. Redio zake nyingi za asili zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa megahezi 76 hadi 90, ilhali matangazo ya FM ya Tanzania na Kenya hurushwa kati ya 87.5 na 108. Bila kifaa cha kubadili masafa, dereva wa Dar es Salaam au Mombasa hunasa vituo vichache tu. Katika gari la namna hiyo, CD hubaki kuwa tegemeo kubwa la burudani.

Diski si zote sawa

CD iliingia sokoni mwaka 1982 kwa ushirikiano wa kampuni za Philips na Sony, na vichezeshi vya magari vikafuata mwaka 1984. Diski ya kuchomwa mara moja, yaani CD-R, iliwekewa viwango mwaka 1990, na ile ya kufutwa na kuchomwa upya, CD-RW, ilifika sokoni mwaka 1997. Kwa hiyo, redio nyingi za awali zilibuniwa kwa kuzingatia diski za kiwandani pekee.

Diski ya kiwandani ina vishimo vidogo mno vilivyogandamizwa katika plastiki na kufunikwa kwa utando wa metali. Redio huvisoma kwa kumulika mwonzi wa leza na kupima mwanga unaorudi. Diski hiyo hurudisha asilimia 70 au zaidi ya mwanga. CD-R haina vishimo, bali ina rangi ya kemikali inayobadilishwa kwa joto la leza, na kiwango chake cha chini ni takriban asilimia 65. CD-RW hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu, kiasi ambacho redio nyingi za zamani haziwezi kukitambua.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kutumia CD-R na kuepuka CD-RW. DVD nayo haifai katika redio ya CD, hata kama kwa macho zinalingana, kwa kuwa alama zake ni ndogo zaidi na husomwa kwa leza ya aina nyingine.

Tofauti hiyo ya mwanga hueleza pia kwa nini redio iliyokuwa ikicheza CD-R bila taabu huanza kurukaruka baada ya miaka. Lenzi ikiingia vumbi au leza ikipungua nguvu, diski za nyumbani ndizo huathirika kwanza, huku za kiwandani zikiendelea kusikika.

Muziki au faili?

Kosa jingine la kawaida hutokea kwenye kompyuta. Mtu hunakili faili za MP3 kwenye diski, akaziona zote zikicheza vizuri nyumbani, lakini redio ya gari ikazikataa. Redio ya zamani isiyo na alama ya MP3 usoni mwake haijui faili. Hutambua CD ya muziki peke yake, ambayo sauti yake imeandikwa kwa vipimo 44,100 kila sekunde na kupangwa kwa nyimbo zisizozidi 99.

Programu za kuchomea, kama Nero au Windows Media Player, humtaka mtumiaji achague kati ya CD ya muziki na CD ya data. Kwa redio ya zamani, jibu sahihi ni CD ya muziki. Programu itazigeuza faili kuwa sauti ya kawaida, na diski itachukua dakika 74 au 80 badala ya takriban saa 12 ambazo CD ya data hubeba kwa MP3 za kilobiti 128. Kugeuza huko hakuongezi ubora: MP3 hafifu hubaki hafifu.

Aidha, diski lazima ifungwe baada ya kuchomwa, ili orodha ya nyimbo iandikwe mwanzoni mwake. Ikiachwa wazi kwa nia ya kuongeza nyimbo baadaye, kompyuta inaweza kuisoma, lakini redio itaiona kama diski tupu. Kasi ya kuchoma nayo ina athari, kwani kasi ya juu kabisa huweza kuongeza makosa. Kasi ya wastani, kama 8x au 16x, huwa salama kwa diski nyingi.

Lebo na joto

Lebo ya karatasi iliyobandikwa kwa gundi ni hatari katika redio ya kumeza diski. Huweza kubanduka kwa joto, kuvuruga mzunguko, au kunasa ndani. Kalamu ya wino iliyokusudiwa kwa CD inatosha. Upande wa maandishi pia unahitaji uangalifu, kwa sababu utando wa metali uko chini yake kidogo tu. Mkwaruzo wa hapo huweza kuiharibu diski moja kwa moja.

Jua ndilo adui mkubwa zaidi. Diski iliyoachwa juu ya dashibodi huweza kupinda, na rangi ya kemikali ya CD-R hudhoofika kwa mwanga na joto. Kwa sababu hiyo, diski yenye sauti ya harusi, mawaidha au mahubiri yasiyopatikana kwingine haipaswi kuishi ndani ya gari. Ihifadhiwe nyumbani, na nakala yake ndiyo isafiri.

Redio ikikataa diski ya aina hiyo, ijaribiwe upesi kwenye kompyuta, ambayo mara nyingi husoma kile kilichoshindikana garini, na yaliyomo yahamishiwe mahali pengine kabla hayajapotea. Kompyuta nyingi za sasa hazina nafasi ya CD, lakini kisomeo cha nje cha USB hufanya kazi hiyo.

Kabla ya kwenda kwa fundi, dereva aanze na jaribio jepesi: aingize CD halisi ya kiwandani isiyo na mikwaruzo. Ikicheza vizuri, kinachohitaji kubadilishwa kwanza ni diski. Isipocheza, hapo fundi ana kazi, na ya kwanza huwa kusafisha lenzi.