Nani Alikuambia Usome Hiki?

Ingia maktaba ya taifa, tawi la Kakamega au lingine lolote, uchukue riwaya ya zamani, halafu usianze mwanzo. Fungua nyuma. Mara nyingi utakuta kikaratasi kilichobandikwa, kimejaa mihuri ya tarehe. Kila tarehe ni siku ambayo mtu fulani alipaswa kukirudisha kitabu. Kuna vitabu vyenye mihuri mitatu tu, na kati ya mmoja na mwingine imepita miaka. Kuna vingine vimepigwa mihuri hadi kikaratasi kikaisha, kikabandikwa kingine juu yake. Hakuna mahali palipoandikwa "hiki ni kizuri." Lakini wewe uliyesimama pale kati ya rafu umeshaelewa.

Shida ni kwamba muhuri hausemi kwa nini. Hausemi kwamba aliyekiazima Machi alimwambia mwenzake, naye akaja kukichukua Aprili. Historia ya usomaji kwetu huandikwa kwa majina ya wamisionari, wachapishaji na wizara. Mimi nina swali dogo tu: nani alikuambia usome hiki? Ukilifuata swali hilo kutoka Kaimosi ya 1902 hadi Lurambi ya leo, unaona kwamba kila kizazi kilikuwa na mtu rasmi wa kukichagulia vitabu, na chini yake watu wa kawaida waliokuwa wakipeana vyao. Orodha rasmi ilikifikisha kitabu mlangoni. Kilichokiingiza ndani ni mdomo.

Tuanze na Kaimosi. Wamisionari Wamarekani wa Kanisa la Marafiki, wale wanaojulikana pia kama Quaker, walifika huko mwaka 1902. Miongoni mwa Wamaragoli, watu waliojiunga nao waliitwa avasomi. Hebu litazame hilo jina. Halikusema waumini wala watakatifu. Lilisema wasomaji. Waganda walikuwa na abasomi, Wagikuyu wakawa na athomi. Kusoma na kuongoka vilikuwa mlango mmoja, na mlango huohuo ulielekea kwenye kazi ya mshahara.

Kitabu chenyewe kilichukua muda kupatikana. Mmisionari Emory Rees alifanya kazi ya kutafsiri pamoja na Joel Litu, Mmaragoli aliyekuwa mmoja wa avasomi wa mwanzo, na Agano Jipya kwa Lulogooli likatoka mwaka 1925. Biblia nzima ilingoja hadi 1951. Kwa hiyo kwa muda mrefu swali letu lilikuwa na jibu moja: aliyekuambia usome ni misheni, na cha kusoma ni kile misheni ilichokitafsiri au kukipitisha. Ulikuwa ni upendekezaji, ndiyo, lakini wa upande mmoja. Hukuulizwa kama umekipenda.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuja na orodha yake. Baada tu ya Vita vya Pili vya Dunia, magavana wa Afrika Mashariki walimpa kazi Elspeth Huxley, mwandishi aliyekulia kwa walowezi wa Thika, achunguze Waafrika wanahitaji vitabu gani. Mwaka 1948 ikazaliwa East African Literature Bureau, mkurugenzi wake akiwa Charles Richards, mtu aliyetoka kwenye biashara ya vitabu vya misheni. Kumbuka wakati huo maktaba ya McMillan pale Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ilikuwa imejengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliyetaka kuazima kitabu hakuwa na mlango wa kugonga.

Bureau ilijaribu kumfuata alipo. Sanduku la vitabu lilipelekwa shuleni au kwenye ukumbi wa kijamii, likakaa kwa muda, kisha likabadilishwa na jingine. Wengine waliazima kwa posta: unaandika barua kuomba kitabu, kinakuja kwa bahasha, unakisoma, unakirudisha.

Sasa fikiria huyo mtu wa posta. Mwalimu wa shule ya msingi, tuseme, nje kidogo ya Kakamega. Ili aombe kitabu kwa barua, lazima ajue kinaitwaje. Jina atalipata wapi? Linaweza kutoka kwenye orodha iliyochapishwa, sawa. Lakini orodha haikuambii kwamba kuna ukurasa utakaokufanya ucheke peke yako hadi mke wako aulize kuna nini. Hilo huambiwi na ofisi. Unaambiwa na karani mwenzako mkiwa foleni, au na shemeji aliyekuja likizo kutoka Nairobi.

Na tuwe wakweli: ofisi wakati mwingine ilichagua vizuri. Bureau iliendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili, na yale ya 1957 na 1958 yakamtoa mshindi kutoka Zanzibar, Muhammed Said Abdulla. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa na Bureau mwaka 1960, na ndicho kilichotuletea Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko. Bila ofisi ile ya Nairobi, huenda msomaji wa bara asingemfahamu Bwana Msa kamwe. Lakini hakuna ofisi iliyoweza kumlazimisha mtu amwambie jirani yake, "We, huyu Bwana Msa si mchezo."

Uhuru ulipokuja, sheria ya 1965 iliunda bodi ya Kenya National Library Service, nayo ikaanza kazi mwaka 1967. Matawi yakasambaa mikoani, Kakamega ikiwemo. Ndipo kile kikaratasi cha mihuri kikaanza kujaa.

Lakini vitabu vilivyopendwa kuliko vyote miaka ya 1970 wala havikungoja maktaba. Mwaka 1965 Taban lo Liyong alikuwa amelalamika kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Miaka sita baadaye Charles Mangua akatoa Son of Woman, hadithi ya kijana aliyesoma hadi chuo kikuu halafu akazama kwenye pombe, wanawake na njama za pesa za haraka. Kikauzwa kama mandazi. Mwaka 1973 David Maillu akaanza kujichapishia mwenyewe kupitia Comb Books: My Dear Bottle, kisha After 4.30, ule mkasa wa kinachoendelea ofisi zikishafungwa. Wasomi walimponda. Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake. Mwalimu akikipata kwenye dawati lako, kwaheri.

Matangazo mazuri kuliko hayo huyapati. Kitabu kilichokatazwa kilifunikwa gazeti ili kifanane na cha hisabati, kikasomwa chini ya blanketi kwa tochi, kikazunguka bweni zima. Kilirudi kwa mwenyewe hakina jalada, kurasa kumi za mwanzo zimeng'oka, na zile za utamu zimechakaa zaidi. James Hadley Chase alisomwa hivyohivyo. Mills & Boon pia. Kulikuwa na foleni isiyoandikwa popote: ni wewe, halafu fulani, halafu mimi, na usinikatie.

Unaweza kusema huo ulikuwa uhuni tu wa ujana. Mimi naona kitu kingine. Kwa mara ya kwanza tangu avasomi, kijana alikuwa anasoma kitu kwa sababu moja tu: mwenzake amekipenda. Hakukuwa na alama za mtihani, hakukuwa na wokovu, hakukuwa na kupandishwa cheo.

Halafu kupendekeza kitabu kukawa hatari kwelikweli. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita kwa shtaka la kupatikana na maandishi ya uchochezi. Kuanzia 1986, msako wa Mwakenya ukawapeleka walimu, wanafunzi na wakulima jela, wengine kwa sababu ya karatasi walizokuwa nazo au walizodaiwa kuwa nazo. Mwaka huohuo wa 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa uhamishoni, alitoa Matigari kwa Gĩkũyũ. Habari zikaenea kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Amri ikatolewa akamatwe. Serikali ilipogundua kwamba ni mhusika wa riwaya, mwaka 1987 polisi wakaenda madukani wakakikamata kitabu.

Kitabu kilikuwa kimesifiwa mdomoni hadi mhusika wake akatafutwa na askari! Nchi nzima ilijifunza somo: ukimpa mtu kitabu fulani, umemkabidhi maisha yako. Kuuliza "umesoma hiki?" kulianza kwa kutazama nyuma kwanza. Nafikiri kuna ukimya ulioingia kwenye nyumba nyingi wakati huo na haujatoka wote. Kuna wazazi waliozoea kutosema wanasoma nini.

Ukimya huo ulikutana na kitu cha pili, ambacho sisi tunakijua vizuri: mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Tangu hapo, kwa wengi wetu, jibu la swali la kichwa cha makala hii ni fupi: mtaala. Na hata mtaala hatukuusoma. Tulisoma mwongozo. Tulijua maudhui saba na sifa tano za mhusika mkuu kabla hatujakutana naye.

Hapa pia sitaki kudanganya. Orodha ya shule ilituletea mazuri. Francis Imbuga, mwana wa Maragoli, aliandika Betrayal in the City mwaka 1976. Mwaka uliofuata tamthilia hiyo ilikwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC, na baadaye ikasomwa shuleni na zaidi ya kizazi kimoja. Lakini ni wangapi wanaokumbuka maswali ya mtihani? Wanachokumbuka ni Mulili, na Kiingereza chake kilichovunjika, vile kilivyoigizwa bwenini hadi mwalimu wa zamu akaja na kiboko. Ken Walibora, aliyezaliwa huku huku magharibi, alitoa Siku Njema mwaka 1996. Kikawa kitabu teule. Lakini Kongowea Mswahili, yule kijana anayetoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya, alivuka mipaka ya silabasi. Walibora alipofariki Aprili 2020, watu waliokuwa wameacha shule zamani waliandika kuhusu Kongowea kana kwamba wamefiwa na yeye pia. Hakuna aliyewapa alama kwa hilo.

Tofauti kati ya kitabu kilichosomwa na kitabu kilichopendwa iko hapo. Imbuga na Walibora walipita kwenye orodha kama mamia ya wengine. Waliobaki vichwani ni wale ambao watu waliendelea kuwazungumzia baada ya kalamu kuwekwa chini.

Na wanaonyamaziwa hupotea, sisemi kwa mafumbo. Mchapishaji hachapishi tena kitabu ambacho hakuna anayekiulizia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, ile Bureau ya zamani ilivunjika nayo, na ofisi ya Nairobi ikageuka kuwa Kenya Literature Bureau. Comb Books ilifilisika. Vitabu vingi vya wakati huo leo utavipata kwa bahati tu, kwa muuzaji wa mitumba aliyetandika gunia kando ya barabara, bei unapatana. Ukienda dukani kununua kipya, mambo ni magumu zaidi: sheria ya 2013 iliweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu. Kwa mwanafunzi wa Masinde Muliro anayelipa kodi ya chumba Kefinco na kujipikia, riwaya moja ni chakula cha siku kadhaa. Hawezi kubahatisha. Anahitaji mtu amwambie, hii haitakuangusha.

Kwa hiyo upendekezaji si adabu ya mazungumzo tu. Kwa watu wasio na pesa za kujaribu, ndiyo njia pekee kitabu kinafika mkononi. Ilikuwa hivyo kwa mwalimu wa posta, ilikuwa hivyo kwa yule wa bwenini mwenye tochi, na iko hivyo leo Amalemba, ambako nakala moja inaweza kuwa na wasomaji wanane na faili la PDF wasomaji mia mbili. (Ndiyo, najua, mwandishi hapati kitu kwenye hiyo PDF. Ukipata mshahara wa kwanza, mnunulie kitabu chake. Deni ni deni.)

Tunachokosa ni zile sababu. Watu wengi wa rika letu wakiulizwa kitabu wanachokipenda, hutaja kile cha kidato cha nne, kisha hutoa sababu za mwongozo: "Kina maudhui ya ufisadi." Hatukufundishwa kusema kwamba tulikipenda kwa sababu mama wa mle ndani anaongea kama shangazi yetu wa Malava, au kwa sababu kilitukuta tumeachwa na tukalia kwenye matatu kutoka Kisumu.

Ukimaliza kitabu wiki hii, mtafute mtu mmoja. Mpe jina la kitabu, jina la mwandishi, na sababu moja iliyo yako mwenyewe. Kama ni cha maktaba, kirudishe kabla ya tarehe ya muhuri. Umeshamwambia mtu, na huenda kesho asubuhi atakwenda kukitafuta.