Saa janja au saa ya kwaro? Historia iko na jibu

Kijana mmoja wa hapa chuoni Rongo ameniandikia: "Bro, nimebaki na elfu nne ya HELB. Ninunue saa janja ama hii kitu ni ushamba?" Nimemjibu polepole kwa sababu swali lake lilinichoma. Mimi nilifanya hivyo hivyo, ila pesa zangu zilikuwa za kwanza kuwahi kulipwa kwa video. Elfu tatu na mia tano. Nikaacha chuo mwaka wa pili, nikasema angalau mkono wangu ufanane na mtu aliyefaulu.

Ile saa iliishi miezi minane. Betri ilianza kulala kabla ya jioni. Halafu nikabadilisha simu, programu yake ikakataa kabisa kuingia kwa simu mpya. Nikaipeleka kwa fundi wa saa pale sokoni, akaipindua mara mbili, akanirudishia. "Hii haina pa kufungua, kijana." Leo iko kwa droo, nyeusi tii.

Mkononi sasa nimevaa saa ya kwaro, yaani babu yangu. Ni Seiko 5, kongwe kuniliko. Kwa hivyo kabla sijamjibu huyu kijana vizuri, wacha niwarudishe nyuma kidogo. Hii vita ya saa mpya na saa ya zamani haikuanza na sisi.

Anza na neno lenyewe. "Saa" tumelitoa kwa Kiarabu, na kwetu neno hilo moja linabeba kile kipindi cha dakika sitini na pia kile chombo cha kupima. Lakini hesabu tunafuata jua. Huku karibu na ikweta jua halina maringo. Rongo linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, Januari ama Julai. Ndiyo maana saa moja yetu ni ile mitambo inaita saba.

Dani yangu hakusoma shule, lakini alisoma saa ya mishale bila shida. Unaangalia mshale mfupi, halafu unasoma namba iliyo upande wa pili, ng'ambo. Mshale ukiwa kwa saba, ng'ambo kuna moja: saa moja. Ukiwa kwa tisa, ng'ambo kuna tatu. Sura ya duara ina hesabu zote mbili, ya mzungu na yetu. Ile ya namba tupu inakupa moja tu, ingine ujipigie hesabu mwenyewe.

Sasa, saa ya mitambo ilikujaje kuwa bosi wetu? Twende Zanzibar, 27 Agosti 1896. Sultani Hamad alikuwa amekufa siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ruhusa ya Waingereza. Wakampa makataa: saa tatu kamili asubuhi uwe umetoka kwa kasri. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili meli zikaanza kupiga mizinga. Haikufika hata saa moja nzima, vita vikaisha, na karibu watu 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa ama kujeruhiwa. Watu husimulia hiyo kama mzaha, ati vita vifupi zaidi duniani. Mimi naona kitu kingine: dakika mbili za saa ya mtu mwingine.

Miaka mitano baadaye saa hiyo ilifika upande wetu kwa reli. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, pale tunapoita Kisumu. Gari moshi halingoji jogoo awike. Baada ya reli zikaja kengele za misheni, ofisi za serikali, zamu za kazi. Na hata hiyo saa yenyewe ilikuwa inasukumwa tu na wakubwa. Kuna wakati Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, baadaye saa mbili na dakika 45. Hizi saa tatu tulizo nazo zimekaa tangu 1942. Wakubwa walitia sahihi karatasi, mwananchi akasukuma mshale wake, maisha yakaendelea.

Hapo ndipo saa ya mkononi ilipopata heshima. Mwenye saa hakungoja kuambiwa muda. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kazi 1979, na kwaro alikuwa mmoja wa wakulima wa mwanzo kupanda miwa kwa ajili yake. Malipo yake ya kwanza yalitoka 1982. Alinunua mabati, akanunua hiyo Seiko. Kila jioni akingoja taarifa ya habari redioni, arekebishe dakika zake. Watoto wote boma lile walijua: kwaro akiwa na redio sikioni, nyamaza.

Kitu ambacho nilikuja kuelewa baadaye ni kwamba saa yake ilikuwa tayari imepitwa na wakati alipoinunua. Krismasi ya 1969 kampuni hiyo hiyo ya Seiko ilitoa Astron, saa ya mkononi ya kwanza ya betri na fuwele kuuzwa madukani. Bei yake ilitoshana na ya gari dogo. Lakini bei ilishuka haraka. Ndani ya saa nyingi za betri leo kuna kijipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hakuna springi inayoweza kushindana na hiyo. Uswisi, mafundi kwa maelfu walipoteza kazi miaka ya sabini na themanini. Watu wakasema saa ya springi imekufa.

Haikufa. Na ile ya betri pia ikapata adabu yake: Casio F-91W ilitoka 1989 na bado inauzwa. Betri yake inakaa karibu miaka saba.

Halafu simu ikaja, tukavua saa wote, kwa sababu muda uko mfukoni. Na sasa tunauziwa simu ingine ya kuvaa mkononi. Mwaka wa 2012 kampuni ya Pebble ilichangiwa zaidi ya dola milioni kumi na watu wa intaneti watengenezewe saa janja. Kila mtu akasema hiyo ndiyo kesho. Kufikia Desemba 2016 kampuni ilikuwa imefunga, ikauza vitu vyake kwa Fitbit. Juni 2018 mitambo iliyokuwa inazihudumia ikazimwa rasmi. Bahati yao, mashabiki wakajipanga wenyewe kuziokoa. Wewe wa elfu nne, nani atakuokolea yako?

Sitaki kuwadanganya, saa janja ina kazi yake. Mkimbiaji wa Iten anayepima mbio zake anaihitaji. Mtu ambaye daktari amemwambia achunge mapigo ya moyo, ajinunulie ile nzuri, na hiyo nzuri haiko kwa elfu nne. Hizi za bei yetu hukisia tu. Yangu iliwahi kunipa mapigo ya moyo nikiwa nimeivalisha ndizi.

Mwaka jana kwaro aliugua, akalala wiki tatu. Seiko yake haina betri wala ya kutiwa ufunguo. Kuna kizani ndani kinachozunguka ukitembea, ndicho kinakaza springi. Kwa hivyo yeye alipoacha kutembea, nayo ikasimama, siku ya pili tu. Baada ya mazishi dani alinipa. Nilikuwa nangoja anihubirie juu ya chuo. Alisema tu, "Nyakwara, itembeze."

Niliitikisa mara chache, ikaamka. Huchelewa dakika moja hivi kwa siku, na mimi naisukuma kila asubuhi kama yeye.

Kwa hivyo kijana wangu, jibu ni hili. Saa janja unakodi: kwa kampuni, kwa programu, kwa stima ikiwepo. Saa ya kawaida ni yako, na fundi wa soko anaijua. Chukua elfu moja ununue ya mishale ama Casio ndogo. Elfu tatu lipa rent. Na mtihani ukianza saa tatu, usifike na dakika mbili juu.