Neno "Veil": Tanga, Pazia au Shela?

Bibi harusi anayetafuta nguo mtandaoni hakosi kukutana na neno la Kiingereza, veil. Wengi wetu hudhani ndiyo hijabu kwa Kiingereza. Leo tulitazame neno hili kwa karibu.

Asili yake ni Kilatini, velum. Kwa Warumi lilikuwa pazia, kitambaa cha kufunikia, na pia tanga la chombo. Likapitia kwa Wafaransa ndipo likafika Uingereza. Hadi leo Kifaransa kina neno moja, voile, kwa tanga na kwa kitambaa cha kichwani. Sisi watoto wa kisiwani, tuliokua tukitazama majahazi, tunaelewa vipi kitambaa kimoja kikabeba majina mawili.

Bibi harusi wa Kirumi alifunikwa kitambaa cha rangi ya moto. Weupe umekuja baadaye. Malkia Victoria alipoolewa, tarehe 10 Februari 1840, alivaa gauni jeupe na veil ya lesi ya Honiton iliyoshuka mgongoni, uso wazi. Harusi ile iliupa mtindo huo nguvu, na shela jeupe la leo lina nasaba nao.

Na hijabu je? Katika Suratul Ahzab, aya ya 53, hijabu ni pazia, kizuizi. Vazi la kichwani limetajwa katika Suratun Nur, aya ya 31, kwa jina la khimari. Kumbe maneno yote mawili, veil na hijabu, yalianzia kwenye pazia.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwaka 2004 Ufaransa ilikataza mitandio kwa wanafunzi wa shule za serikali. Mwaka 2010 ikapitisha sheria ya kukataza kufunika uso hadharani. Kwa Kiingereza, zote mbili ziliitwa marufuku ya veil. Msichana wa mtandio na mama wa nikabu wakafanywa mtu mmoja. Kiswahili chetu kinawatenganisha: ushungi, mtandio, shela, nikabu, barakoa.

Kwa hiyo, mwari wetu, ukiagiza veil uliza kwanza: inafunika nywele, uso, au inaning'inia mgongoni tu? Lesi yenye matundu ni pambo. Stara yako ipange chini yake, kabla siku haijafika.