Kutoka Muthurwa hadi Kasarani: Nani Aingie Dakika za Lala Salama?

Barabara ya Landhies ikishaacha kelele za stendi ya Machakos, inapita Muthurwa, na hapo mtu anayefuatilia historia ya soka hana budi kupunguza mwendo. Katika mtaa huu wa nyumba za wafanyakazi wa reli walilelewa McDonald Mariga na Victor Wanyama, wana wa Noah Wanyama aliyeichezea AFC Leopards. Njia ninayoifuata inaanzia hapa, inashika Barabara ya Jogoo kupitia Kaloleni na Makadara, inaingia Jericho, inakwenda Kariobangi na kuishia Kasarani. Ni njia ya zamani ya vipaji vya Eastlands, na ninaipita nikiwa na swali moja: mechi ikifika ukingoni na mambo yakiwa magumu, kocha amwingize nani, na amwingize lini?

Muthurwa ina jibu lake la kwanza. Tarehe 28 Aprili 2010, Inter Milan walikuwa Camp Nou wakilinda ushindi wa 3-1 walioupata dhidi ya Barcelona katika mkondo wa kwanza wa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Thiago Motta alionyeshwa kadi nyekundu dakika ya 28, Inter wakabaki kumi. Walijilinda hadi mapumziko, wakaendelea kujilinda, hadi dakika ya 84 Gerard Piqué alipofunga. Bao moja zaidi lingewavusha Barcelona kwa kanuni ya bao la ugenini. Dakika mbili baada ya bao hilo, José Mourinho alimtoa Samuel Eto'o, mmoja wa wafungaji hodari zaidi Afrika iliyowahi kuwa nao, akamwingiza Mariga, kijana wa Muthurwa.

Uamuzi ule una mafunzo mengi. Mourinho hakuhitaji bao. Alihitaji kiungo mrefu, mwenye nguvu na pumzi, wa kusimama mbele ya mabeki na kuondoa mipira ya juu. Eto'o alikuwa amekimbia usiku kucha akifanya kazi ya beki wa pembeni, na miguu ilikuwa imechoka. Inter walipoteza 1-0 lakini wakafuzu kwa jumla ya mabao 3-2. Tarehe 22 Mei waliilaza Bayern Munich 2-0 mjini Madrid na kutwaa kombe. Katika fainali hiyo Mariga alikaa benchi hadi mwisho, kwa kuwa hali iliyomfaa haikutokea. Mchezaji yuleyule wa akiba alikuwa wa lazima usiku mmoja, na mwezi uliofuata hakuhitajika. Kocha anayejua kazi yake huisoma mechi iliyo mbele yake, kisha ndipo hulitazama benchi.

Ukiacha Muthurwa, Landhies inakuleta kwenye mzunguko wa City Stadium, mahali inapoanza Barabara ya Jogoo, ambayo enzi za ukoloni iliitwa Doonholm Road. Jirani yake ni Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, ukiwa na ukumbi wa jamii na nafasi wazi za watoto kuchezea. Kabla ya Nyayo na Kasarani kujengwa, City Stadium ndio uliobeba mechi kubwa za jiji hili, zikiwemo zile za Gor Mahia na ndugu zao wa Abaluhya, ambao baadaye walikuja kuitwa AFC Leopards.

Jina linalotawala kumbukumbu za miaka ya 1960 ni la Joe Kadenge, mshambuliaji wa Maragoli United, Abaluhya na timu ya taifa, aliyeingia katika kila nyumba yenye redio kupitia sauti ya Leonard Mambo Mbotela. Kadenge alipokuwa akivuma, swali langu halikuwa na nafasi kubwa. Soka ya wakati ule ilikuwa ya watu kumi na mmoja, na hao hao ndio walioimaliza mechi. Hata katika Kombe la Dunia hakukuwa na ruhusa ya kubadilisha mchezaji. Ukiumia, ulichechemea pembeni au timu ilicheza na kumi. Kocha aliyetaka kulinda bao alikuwa na njia moja tu, kuwahamisha waliokuwa uwanjani: winga arudi nyuma, mshambuliaji ashuke katikati.

Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji mmoja wa akiba mwaka 1965, tena kwa aliyeumia pekee, na baadaye ikaruhusu mabadiliko kwa sababu yoyote. Kombe la Dunia la Mexico, 1970, liliruhusu wawili. Wakawa watatu katikati ya miaka ya 1990, kisha watano wakati wa korona mwaka 2020, na tangu 2022 watano ndiyo sheria ya kudumu. Katika nusu karne, kocha ambaye zamani hakuwa na la kufanya ila kupiga kelele kando ya mstari amepewa uwezo wa kubadilisha karibu nusu ya timu. Ndiyo maana lawama za leo humwangukia yeye kuliko zamani.

Wamarekani wamelichambua swali hili kuliko watu wengine wote, katika besiboli. Kila timu ina mrushaji mmoja ambaye kazi yake ni kufunga mchezo. Kwa desturi huingia awamu ya tisa, ya mwisho, timu yake ikiongoza kwa tofauti ndogo. Tangu 1969 kazi hiyo ina takwimu yake rasmi, na takwimu hiyo imewafunga makocha mikono, kwa sababu wanamweka mtu wao bora akisubiri saa yake hata kama moto unawaka mapema. Tarehe 4 Oktoba 2016 mjini Toronto, Buck Showalter wa Baltimore Orioles alikuwa na Zach Britton, ambaye msimu ule alipewa uongozi alinde mara 47 na akaulinda mara zote 47. Mchezo ulikuwa wa mtoano na matokeo yalikuwa sare 2-2. Showalter alimhifadhi Britton akingoja timu iongoze kwanza. Katika awamu ya 11 Edwin Encarnación akaupiga mpira wa Ubaldo Jiménez hadi kwa mashabiki, Orioles wakang'olewa 5-2. Britton hakuwa amerusha mpira hata mmoja. Mwezi huohuo Terry Francona wa Cleveland alifanya kinyume: alimwingiza Andrew Miller katikati ya mchezo, wakati wowote hatari ilipopanda, na timu yake ikafika fainali.

Nikiendelea na Barabara ya Jogoo, nikipita Makadara hadi uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho, kosa la Showalter nalijua kwa sura nyingine. Katika mashindano ya mitaani, hapa Toyoyo na hata uwanja wa Umeme kule Ziwani kunakochezwa dimba la Koth Biro, mara nyingi mchezaji tegemeo anayerudi kutoka majeraha huwekwa benchi kwa ajili ya dakika kumi za mwisho. Dakika ya 55 kiungo anazidiwa, kila mtu uwanjani anaona, lakini kocha anatazama saa. Bao likishaingia ndipo tegemeo anavuliwa tracksuit, na sasa anatakiwa afanye kazi mbili, kusawazisha na kushinda, wakati angeweza kuitwa mapema kwa kazi moja nyepesi.

Ndugu wa pili wa Muthurwa naye ana ushahidi. Tarehe 7 Novemba 2012, Victor Wanyama aliifungia Celtic dhidi ya Barcelona kwa kichwa dakika ya 21. Celtic walilinda bao hilo kwa jasho. Zikiwa zimebaki chini ya dakika ishirini, kocha Neil Lennon alimwingiza Tony Watt, mshambuliaji wa miaka 18. Dakika ya 83 Watt akafunga la pili. Messi alipofunga katika muda wa nyongeza, lilikuwa bao la kufutia machozi, mechi ikaisha 2-1. Mourinho aliulinda uongozi kwa kiungo wa kukaba, Lennon kwa mshambuliaji, na wote walikuwa sahihi, maana kila mmoja aliangalia kilichopungua uwanjani.

Kasarani, mwisho wa njia, pana kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya Desemba 1987. Gor Mahia, chini ya kocha Jack Johnson, walikuwa wametoka sare 2-2 na Espérance mjini Tunis katika fainali ya Kombe la Washindi Afrika. Nyumbani wakatoka 1-1, na kombe likabaki Kenya kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Bao moja zaidi la Watunisia lingefuta yote, kama vile la Barcelona lingeifuta Inter.

Ya pili ni ya 7 Julai 2019, siku aliyofariki Joe Kadenge. Jumapili hiyo Kariobangi Sharks, timu ya mtaa wa Eastlands iliyofundishwa na William Muluya, walitoka 1-1 na Everton kisha wakawashinda 4-3 kwa mikwaju ya penalti. Penalti nazo zina hesabu yake ya benchi. Katika Kombe la Dunia la 2014 Louis van Gaal wa Uholanzi alimwingiza kipa Tim Krul mwishoni mwa muda wa ziada dhidi ya Costa Rica; Krul akaokoa mikwaju miwili na Uholanzi wakafuzu. Katika nusu fainali dhidi ya Argentina, Van Gaal alikuwa ameshatumia nafasi zake zote tatu. Krul akabaki benchi, Uholanzi wakatolewa kwa penalti.

Kwa hiyo hukumu yangu, baada ya kuipita njia hii yote, ni hii. Mchezaji bora wa akiba aingie hatari inapokuwa kubwa zaidi, iwe dakika ya 50 au ya 86. Achaguliwe kwa kazi inayohitajika, si kwa jina lake wala kwa kelele za mashabiki. Na mechi ya mtoano isifike mwisho kocha akiwa ameshamaliza nafasi zote. Makocha wa Toyoyo, Umeme na Kariobangi, mnafundisha kizazi kitakachokwenda mbali kama Mariga na Wanyama. Msiwaweke vijana wenu benchi wakisubiri saa. Waiteni mechi inapowaita.