Neno "Sikh": Asili na Maana Yake

Mzungumzaji wa Kiswahili amwonapo mwanamume wa Kipunjabi aliyepiga kilemba, aghalabu humwita Kalasinga. Jina hilo limeundwa kwa majina ya watu, Kala na Singh, nalo lina uhusiano na Wapunjabi waliofika Afrika ya Mashariki tangu reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mnamo mwaka wa 1896. Wenyewe hawajiiti hivyo. Hujiita Sikh, na neno hili lina nasaba nyingine kabisa.

Katika Kipunjabi, sikh ni mwanafunzi. Wengi hulihusisha na shishya la Kisanskriti, yaani mwenye kufundishwa. Hata hivyo, Kipali, ambacho ni lugha kongwe ya Bara Hindi, kina sissa kwa maana ya mwanafunzi na sikkhati kwa maana ya kujifunza. Kwa hiyo, kisauti, kitenzi kina dai la karibu zaidi kuliko nomino. Watetezi wa nomino hujibu kwamba kaskazini mwa Bara Hindi sh ya namna hiyo ilizoeleka kusomwa kh. Vyovyote iwavyo, maana haiondoki katika kujifunza.

Mwanafunzi hana budi kuwa na mwalimu. Wa kwanza alikuwa Guru Nanak (1469–1539), akafuatwa na wengine tisa. Wa mwisho wao, Guru Gobind Singh, alifariki mwaka wa 1708, na tangu hapo mahali pa mwalimu pameshikwa na kitabu, Guru Granth Sahib, ambacho mkusanyo wake wa awali ulikamilishwa mwaka wa 1604. Tangu wakati huo, basi, Sikh ni mwanafunzi wa maandiko.

Ni huyo Guru Gobind Singh aliyeunda Khalsa huko Anandpur mwaka wa 1699. Neno khalsa lilipitia Kiajemi kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliokipa Kiswahili neno halisi. Katika utawala wa Wamughal, khalisa ilikuwa ardhi iliyo chini ya mtawala mwenyewe. Vivyo hivyo, Khalsa walikuwa chini ya Guru moja kwa moja, bila mawakala. Wanaume wao walipewa jina la Singh, yaani simba. (Kufanana kwa simha la Kisanskriti na simba letu ni sadfa tu, simba ni neno la Kibantu.) Lakini si kila Sikh aliyeingia Khalsa, na akina Singh wengi, mathalani Warajputi, ni Wahindu. Kalasinga, basi, ni jina lililoshika tawi likaliacha shina.

Mwaka wa 1925, sheria ya mahekalu ya Punjab ilibidi ieleze Sikh ni nani. Mwenye kutiliwa shaka alitakiwa kutamka kwamba ni Sikh, kwamba anaiamini Guru Granth Sahib na Maguru kumi, na kwamba hana dini nyingine. Kujifunza hakukutajwa.